Mjadala: R.E.M. na Albamu Iliyorekodiwa Njiani

New Adventures in Hi-Fi ni albamu ya kumi ya studio ya R.E.M., bendi ya roki mbadala iliyoanzishwa mwaka 1980 katika mji wa chuo kikuu wa Athens, jimbo la Georgia, Marekani. Ilitoka Septemba 1996. Ina nyimbo 14 zinazochukua zaidi ya dakika 65, na hakuna albamu nyingine ya studio ya bendi hiyo iliyofikia urefu huo. Walioipiga ni wanne walewale wa tangu mwanzo: Michael Stipe akiimba, Peter Buck kwenye gitaa, Mike Mills kwenye besi na kinanda, na Bill Berry kwenye ngoma. Mwaka mmoja baadaye Berry aliondoka, hivyo hii ndiyo albamu ya mwisho iliyowakutanisha wote wanne.

Ubishi juu ya albamu hii haujapoa kwa sababu rekodi yake yenyewe inavuta huku na huku. Uingereza ilishika nafasi ya kwanza, Marekani nafasi ya pili, na wahakiki wengi waliipokea vizuri. Hata hivyo, Out of Time ya 1991, Automatic for the People ya 1992 na Monster ya 1994 kila moja ilithibitishwa kufikia nakala milioni nne nchini Marekani, ilhali hii iliishia kwenye milioni moja. Anayetaja kazi bora za R.E.M. huanza na Murmur ya 1983, akaruka hadi Automatic, akaongeza wimbo "Losing My Religion", na mazungumzo yakaishia hapo. Sauti tatu zinatosha kuubeba mjadala: mtetezi wa albamu, mpinzani wake, na fundi wa studio ambaye hana upande ila ana masikio.

Mpinzani ndiye anayeanza, na anaanzia pagumu. Anauliza ni vipi albamu iliyofika kileleni mwa chati za Uingereza iitwe iliyopuuzwa. Miaka ya tisini ina marehemu wake wa kweli. Jellyfish, bendi ya San Francisco, ilitoa Spilt Milk mwaka 1993, kazi iliyojaa sauti za kupangana na ufundi wa studio wa kiwango cha juu. Haikuuza, na mwaka uliofuata bendi ikavunjika. Hiyo ndiyo hasara inayostahili matanga. R.E.M., kwa upande wao, walikuwa wametia saini mkataba mpya na kampuni ya Warner Bros mnamo Agosti 1996, mkataba wa albamu tano ambao magazeti yaliukadiria kuwa wa dola milioni 80. "Mwenzangu," anasema, "huyo hahitaji wakili."

Mtetezi hakatai tarakimu. Anachokataa ni kwamba chati inaeleza namna kazi ilivyosikilizwa. Habari za mkataba zilitangulia albamu kwa wiki chache tu, na kuanzia hapo kila hakiki na kila ripoti ya mauzo ikawa hesabu ya biashara: je, kampuni itarudisha fedha zake? Albamu iliyouza milioni moja Marekani ingekuwa furaha kwa bendi yoyote nyingine ya gitaa. Kwa bendi ya dola milioni 80 ikatangazwa kuwa dalili ya kuporomoka. Ndiyo maana hoja yake haihusu wiki ya kwanza. Inahusu miaka iliyofuata, pale kumbukumbu ya mashabiki ilipoihesabu albamu hii kama mwanzo wa mteremko, wakati kwa masikio yake ni kilele kilichokuja kimechelewa.

Hapo mpinzani anamgeuzia swali la singo. Kama bendi ilitaka kusikilizwa, kwa nini ilitanguliza "E-Bow the Letter"?

Wimbo huo unastahili kusimamiwa kidogo, maana ndani yake umo karibu ubishi wote. Maneno yake yalitokana na barua ambayo Stipe aliiandika asiitume. Haimbi sana; anaongea kwa haraka, sentensi zikipandana, bila mizani ya beti inayotabirika, juu ya gitaa linalotembea polepole. Nyuma yake kuna sauti ndefu isiyokatika, nusu violini nusu filimbi, ambayo kwa kweli ni gitaa la Buck. Inatolewa na kifaa kidogo cha betri kiitwacho e-bow, kinachoshikwa mkononi juu ya uzi. Sumaku yake huufanya uzi utetemeke bila kuguswa, na noti ikadumu kadiri mpigaji atakavyo. Kisha, mahali ambapo wimbo wa redio ungeweka kiitikio cha kuimba na umati, inaingia sauti ya Patti Smith, nzito na ya mbali, kama ya mtu anayeita kutoka chumba cha pili.

Smith hakualikwa kwa ajili ya jina kubwa. Albamu yake Horses ya 1975 ndiyo iliyomfanya Stipe, akiwa kijana wa miaka 15, aamue kuwa mwanamuziki. Mumewe Smith, mpiga gitaa Fred "Sonic" Smith, alifariki Novemba 1994, na yeye alirudi studio baada ya miaka ya ukimya kwa albamu ya Gone Again, iliyotoka mwaka huohuo wa 1996. Kwa hiyo mwanafunzi alimkaribisha mwalimu wake katika wimbo wa barua isiyofika, na mwalimu alikuja akiwa na msiba wake mwenyewe. Uingereza singo hiyo ilifika nafasi ya nne. Marekani ilikwama nafasi ya 49.

"Na ilistahili kukwama," anasema mpinzani. Hasemi wimbo ni mbaya. Anasema mwenye duka akiweka barua ya huzuni kwenye dirisha la mbele asiwalaumu wateja wanaopita bila kuingia. Redio za Marekani mwaka 1996 zilikuwa zimejaa nyimbo za Alanis Morissette na Oasis, nyimbo ambazo msikilizaji alizishika kiitikio mara ya kwanza tu. R.E.M. walijua jinsi ya kutengeneza wimbo wa aina hiyo. Walikuwa wamefanya hivyo kwa miaka kumi. Safari hii walichagua kutofanya, na uchaguzi una gharama zake.

Mtetezi anajibu kwamba uamuzi huo ndio unaomvutia. "Bittersweet Me", iliyofuata kama singo ya pili, ina kiitikio cha wazi kabisa na gitaa la kutosha, lakini nayo iliishia nafasi ya 46 Marekani. Inaonekana basi kwamba mlango wa redio ulikuwa umeshaanza kufungwa, wimbo uwe mgumu au mwepesi. Pearl Jam walitoa No Code majuma machache kabla, nao wakaona mauzo yakishuka kulinganisha na albamu zao za awali. Wimbi la roki mbadala lililoanza kupanda mwaka 1991 lilikuwa linarudi baharini, na waliokuwa juu yake walishuka pamoja nalo.

Kwenye jambo hilo mpinzani ananyamaza, na kunyamaza kwake ni haki. Sehemu hii ya mjadala mtetezi anaishinda, ingawa ushindi wenyewe ni mdogo: kueleza kwa nini albamu haikuuza si kuthibitisha kwamba ni nzuri.

Ndipo fundi anapoingia. Yeye anaona kwamba wenzake wamegombana juu ya dirisha la duka bila kuuliza bidhaa ilitengenezwaje, na kwa albamu hii utengenezaji ndio nusu ya habari.

R.E.M. hawakuwa wamefanya ziara tangu 1989. Out of Time na Automatic for the People, albamu mbili zilizowafanya matajiri, zilitoka bila ziara hata moja. Januari 1995 walianza mzunguko wa dunia huko Perth, Australia, wakiwa na Monster mkononi. Tarehe 1 Machi, jukwaani Lausanne, Uswisi, Berry alishikwa na maumivu makali ya kichwa. Ikagunduliwa kwamba mshipa wa damu kwenye ubongo wake ulikuwa umevimba na kupasuka, akafanyiwa upasuaji hukohuko. Ziara ikasimama hadi Mei. Kati ya Julai na Agosti, Mills naye alipasuliwa tumbo, kisha Stipe akafanyiwa upasuaji wa ngiri. Ni ajabu kwamba katika mwaka wa namna hiyo mtu yeyote alifikiria kuandika nyimbo mpya.

Lakini waliandika, na walirekodi papo hapo. Walisafiri na mashine za kurekodi za njia nane, wakanasa nyimbo mpya mbele ya watazamaji au mchana wakati wa kupima vyombo ukumbini. Fikra hiyo ilikuwa na wazee wake. Neil Young mwaka 1973 alitoa Time Fades Away, albamu ya nyimbo mpya iliyorekodiwa kwenye matamasha yake, na R.E.M. waliitaja kama mfano. Radiohead, waliowatangulia jukwaani katika sehemu ya ziara hiyo ya 1995, walikuwa wametumia njia inayofanana kwa "My Iron Lung": muziki wa wimbo huo ulirekodiwa tamashani London mwaka 1994, sauti ya mwimbaji ikaongezwa baadaye.

Kwa hiyo albamu ina ramani. "The Wake-Up Bomb" ni ya Charleston, South Carolina. "Undertow" ilinaswa Boston, "Departure" eneo la Detroit, "Binky the Doormat" Phoenix. "Bittersweet Me" ilirekodiwa Memphis wakati wa kupima vyombo, "So Fast, So Numb" Orlando, "Leave" na "Low Desert" Atlanta, "Electrolite" Phoenix. "Zither", kipande kifupi kisicho na maneno, kilipigwa kwenye chumba cha kubadilishia nguo Philadelphia. Nne zilizobaki, "How the West Was Won and Where It Got Us", "New Test Leper", "E-Bow the Letter" na "Be Mine", zilirekodiwa mwaka 1996 Seattle, katika studio ya Bad Animals. Mtayarishaji pamoja na bendi alikuwa Scott Litt, aliyekuwa nao tangu Document ya 1987. Baada ya hii hakufanya nao albamu nyingine.

Fundi anaeleza tofauti ambayo wengi huisikia bila kuitambua. Ukumbi wa mpira wa kikapu wenye viti maelfu, ukiwa mtupu saa tisa alasiri, hurudisha sauti kwa muda mrefu: mgomo mmoja wa ngoma huenda hadi ukuta wa nyuma na kurejea ukiwa umepanuka. Usiku ukumbi huohuo ukijaa, miili na nguo za watu humeza mwangwi, hasa sauti za juu, na kila chombo kikawa kikavu na cha karibu zaidi. Studio ni kitu cha tatu tena, maana kuta zake zimetengenezwa zisiseme chochote. Albamu hii inapita katika hali zote tatu bila kutangaza. Makelele ya mashabiki yameondolewa kwa sehemu kubwa na sauti nyingine ziliongezwa studio, hivyo haisikiki kama rekodi ya tamasha, lakini hewa inayozunguka vyombo hubadilika kutoka wimbo hadi wimbo.

Mpinzani anaona hapa mtego. Hadithi ya utengenezaji, anasema, ni chakula cha majarida. Msikilizaji aliyenunua kaseti bila kusoma mahojiano anasikia nini? Akisikia nyimbo 14 ambazo kila moja ina chumba chake, atasema hazikai pamoja. Automatic for the People inakaa pamoja: kuna huzuni moja inayotembea kutoka wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Hapa kuna wimbo wa kuchezesha mabega, kisha wimbo wa televisheni, kisha barua, kisha king'ora.

King'ora anachokitaja ni "Leave". Wimbo unaanza na gitaa lisilo la umeme, taratibu, kwa karibu dakika nzima, kama utangulizi wa wimbo wa mapenzi. Ghafla inaingia sauti ya kinanda cha elektroniki, noti chache zinazopanda na kushuka mfano wa king'ora cha gari la wagonjwa, na haitoki tena. Wimbo unaendelea kwa zaidi ya dakika saba. Mpinzani anakiri kwamba hajawahi kuumaliza bila kusogeza mkono kwenye kitufe. Mtetezi anadai kuwa ni wimbo bora kuliko zote alizopata kuzisikia kutoka kwa bendi hiyo, na hawa wawili hawatapatana.

Fundi anawapa kitu cha kusikilizia. Asikilize mtu, anasema, kile king'ora kwa dakika mbili bila kusikiliza kingine, halafu ahamishie sikio kwenye gitaa la umeme la Buck. Melodia iliyochezwa taratibu mwanzoni ndiyo hiyohiyo inayopigwa sasa kwa nguvu. Imebadilishwa nguo tu. King'ora hakifuati melodia hiyo, wala hakibadiliki inapobadilika. Hivyo wimbo mzima umejengwa juu ya mgongano wa kitu kinachosonga na kitu kinachogoma kusonga, na maneno ya Stipe yanahusu kutaka kuondoka. Anayechoshwa na king'ora amesikia sawasawa. Kilichobaki ni kuamua kama kuchoshwa huko kuna kazi katika wimbo, na hilo fundi anawaachia.

Mtetezi anashika hapo hapo kujibu hoja ya kutokaa pamoja. Kinachoziunga nyimbo hizi ni mwendo, anasema. "How the West Was Won and Where It Got Us" inafungua albamu kwa ngoma nzito ya polepole, na katikati Mills anaipiga piano kwa namna ya kujikwaa, vidole vikitua pembeni mwa noti inayotarajiwa kwa mtindo unaomkumbusha msikilizaji mpiga piano wa jazi Thelonious Monk. Jina lake linafanya mzaha na filamu za kale za kuteka magharibi ya Marekani. "Departure" inaanza kwa kutaja Singapore na mji wa San Sebastián, Hispania, na ni wimbo wa mtu ambaye ndege imemtupa mahali akiwa hajalala. "Low Desert" ni barabara ya jangwani. "Electrolite" iko juu ya kilima ikiutazama mji. Hata nyimbo zisizotaja mahali zina pupa ya watu wanaojua kwamba basi litaondoka saa fulani.

Katika maneno, wimbo anaoutilia mkazo ni "New Test Leper". Msemaji wake ni mtu aliyealikwa kwenye kipindi cha mazungumzo cha televisheni, cha aina iliyotawala mchana wa Marekani miaka ile, ambapo watu waliletwa mbele ya umati ili wahukumiwe. Anaanza kwa kusema kwamba si muumini, ila anakumbuka mafundisho ya kutowahukumu wengine, anajitahidi kujieleza, lakini kabla hajafika mbali, mwongozaji anakatisha kwa matangazo ya biashara. Stipe haimbi kwa hasira. Gitaa ni la kung'aa, melodia ni tamu kabisa, ya bendi iliyosikiliza sana muziki wa miaka ya sitini, na utamu huo ndio unaofanya aibu ya msemaji iume. Mpinzani mwenyewe anaukubali wimbo huu bila masharti. Kwa maoni ya mwandishi huyu, ukikosekana ndani ya albamu, utetezi wote unalegea.

Ubishi unahamia kwa Berry. Mtetezi anasema kwamba albamu hii inaonyesha kuliko nyingine kile ambacho mpiga ngoma huyo alikifanya. Nyimbo zote za R.E.M. wa enzi hiyo zimeandikwa kwa majina ya wanne kwa usawa, kwa hiyo mchango wa kila mmoja haupatikani kwa kusoma karatasi; hupatikana kwa kusikiliza. Berry hakuwa mpigaji wa mbwembwe. Alikuwa na tabia ya kuacha nafasi, na ya kujua wimbo uishe wapi. Katika "So Fast, So Numb" anasukuma mbele kidogo ya wenzake. Katika "How the West Was Won" anarudi nyuma kidogo. Oktoba 1997 aliaga kwa amani na kwenda kuishi maisha ya shamba Georgia. Albamu iliyofuata, Up ya 1998, ilitumia kwa wingi mashine za ngoma na vinanda vya elektroniki, na bendi ilionekana kujitafuta.

"Hapo unasoma kitabu kutoka mwisho," anamkatiza mpinzani. Walipokuwa wakirekodi Atlanta na Phoenix, hakuna aliyejua kwamba Berry ataondoka. Kuisikiliza albamu kama kwaheri ni kuipa huzuni isiyokuwa yake. Msikilizaji wa Septemba 1996 alikuwa na haki ya kuihukumu kwa kile kilichokuwamo, na kilichokuwamo, kwake, ni bendi yenye nguvu iliyoshindwa kuchagua.

Hoja hii ni nzito na mtetezi anaipokea nusu. Anakubali kwamba kwaheri haikukusudiwa. Anasisitiza, hata hivyo, kwamba si lazima mtu ajue yaliyofuata ndipo asikie wanne wanaopiga kwa kutazamana. Kwenye Monster, Buck alijaza rekodi kwa gitaa la mtetemo lililofunika vyombo vingine. Hapa, kwa sababu nyimbo nyingi zilipigwa na wote kwa pamoja ukumbini, kila chombo kina mahali pake na kinasubiri zamu. Hilo lilikuwa kweli Septemba 1996, Berry abaki au aondoke. Fundi anatikisa kichwa kuafiki, kisha anaongeza tahadhari yake: ukumbini walikuwapo pia wanamuziki wa ziara, Scott McCaughey na Nathan December, kwa hiyo hesabu ya "wanne" isishikwe kama imani.

Wimbo wa mwisho haugombewi. "Electrolite" umewekwa juu ya Mulholland Drive, barabara inayofuata mgongo wa vilima vya Los Angeles, ambako usiku taa za mji huonekana zimetandazwa chini. Unawataja James Dean, Steve McQueen na Martin Sheen, nyota wa sinema, na unaiaga karne ya ishirini ikiwa bado ina miaka minne. Piano ya Mills ni nyepesi, karibu ya kuchezea watoto. Kuna violini, na kuna guiro, kile chombo cha Amerika ya Kilatini cha kukwaruza kwa kijiti. Wimbo mzito kama huo kwa maneno umepewa mwendo wa kutembea jioni, na mpiga besi wa bendi ndiye anayeubeba kwa vidole vyake vya piano. Mpinzani anaposema kwamba wimbo mmoja mkubwa haufanyi albamu kubwa, anasema kweli, ila anaisema akiwa ameshaurudia mara mbili.

Baada ya 1996 kumbukumbu ilichukua njia yake. R.E.M. waliacha kazi Septemba 2011 baada ya albamu 15. Mwaka 2021 ikatolewa toleo la miaka 25 la New Adventures in Hi-Fi, na kwa toleo hilo wahakiki wengi waliirudia na kuiweka karibu na kilele cha kazi za bendi. Mtetezi analitaja kama ushahidi. Mpinzani anakumbusha kwamba kila albamu ya bendi kubwa hupata toleo la kumbukumbu na sifa zake. Anaongeza kwamba Juni 2024, wanne hao walipopiga tena pamoja New York kwa kuingizwa katika jumba la heshima la watunzi wa nyimbo, waliupiga "Losing My Religion". Mtetezi anajibu kwamba kwenye sherehe ya wimbo mmoja hupigwa wimbo ambao mjomba wa kila mtu anaujua. Hapa pande zote mbili zimechoka kidogo, na inaonekana.

Linabaki suala la urefu, ambalo ndilo lenye manufaa kwa anayetaka kuisikiliza leo. Santuri ya zamani haikuchukua zaidi ya dakika arobaini na kitu bila sauti kuharibika, hivyo bendi zililazimika kuacha nyimbo nje. Sidii iliruhusu zaidi ya dakika 70, na katika miaka ya tisini wanamuziki wengi waliijaza kwa kuwa nafasi ilikuwapo. Mpinzani anaiweka albamu hii katika kundi hilo. Angeondoa "The Wake-Up Bomb", ambayo anaiona ni mabaki ya Monster na ambayo bendi ilikwisha kuipiga kwenye tuzo za video za MTV mwaka 1995. Angeondoa "Binky the Doormat", yenye jina lililotolewa kwenye filamu ya vichekesho ya 1991 na kiitikio kinachopigiwa kelele kuliko kinachostahili. Angeondoa "Low Desert" na "Zither". Zingebaki nyimbo kumi.

Mtetezi yuko tayari kumtoa "Binky" tu. "The Wake-Up Bomb" anaibakiza kwa sababu baada ya ngoma nzito ya wimbo wa kwanza panahitajika mtu wa kufungua dirisha. "Low Desert" anaibakiza kwa ajili ya gitaa lake la kuteleza. Kuhusu "Zither" anakiri kwamba si wimbo hasa, ni watu wanapitisha muda kabla ya kupanda jukwaani.

Fundi anapinga hapo, na ndiye wa mwisho kusema. Kwenye mpangilio, "Zither" ni ya kumi na moja. Imekaa kati ya "Binky the Doormat" na "So Fast, So Numb", nyimbo mbili za kasi na za sauti kubwa, baada ya zaidi ya dakika 45 za kusikiliza. Sikio lililochoka huanza kupunguza sauti za juu, na wimbo mkubwa unaofuata wimbo mkubwa husikika mdogo. Dakika mbili na nusu za chumba cha kubadilishia nguo zinalirudishia sikio kipimo chake kabla Berry hajaingia tena. Anayetaka kuiondoa "Zither", anasema fundi, aiondoe na "Binky" pamoja, au aziache zote mbili zilipo.